Usiifute Picha ya Daraja Lililolala

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumeshapeana asubuhi kwenye uji, na afya yangu unaiona mwenyewe, kwa hiyo niruhusu niingie ndani bila kupiga hodi. Umekwenda kuaga kwa shangazi yako Mwanaidi, na najua hatakuachia mpaka ule. Nimepata nafasi. Nakuandikia badala ya kukwambia kwa sababu tukikaa kuzungumza, nikisema moja wewe unajibu mawili, na leo nataka nifike mwisho wa maneno yangu.

Mambo ya shuka, ya dawa, ya kupiga simu ukifika Dodoma, sitayaandika. Baba yako atakungoja stendi Kibiti na atayasema yote, tena atayarudia mpaka basi liondoke. Mie nataka kukwambia habari ya picha.

Wamekuchukua kwenye hiyo ofisi kwa ajili ya picha zako. Ulivyonieleza, kazi yako itakuwa kwenda kwenye miradi ya watu, kupiga picha tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kuzipanga kwenye slaidi na kuwaonyesha wakubwa kazi ilivyokwenda. Nilifurahi. Nililia pia, ukadhani nalia kwa sababu unaondoka. Watu wanaondoka kila siku. Nililia kwa sababu niliuona tena ule ukumbi wa Kibiti, na safari hii wewe umekaa kwenye kiti cha yule kijana wa mradi.

Basi nisikilize. Haya mengine unayajua, ulikuwepo. Lakini hujayasikia kutoka kwangu, na nilichokiona mie sicho ulichokiona wewe.

Mkono ule wa mto unatutenga na shule na zahanati. Kabla ya daraja, maji yakijaa tulivuka kwa mtumbwi, yakipwa tuliingia tope la mapajani. Watoto walifika darasani matope yamewakaukia miguuni kama soksi. Wajawazito walivushwa wamekaa katikati ya mtumbwi, macho wamefumba. Mradi ulipokuja na kusema utatoa mbao, misumari na mchoro, na sisi tutoe nguzo za mikoko na nguvu zetu, kijiji kilikubali siku hiyo hiyo. Kibali cha kukata miti tukakipata. Wakanichagua mie mwenyekiti wa kamati kwa sababu nina sauti kubwa. Sifa nyingine sikuwa nayo.

Wewe ulikuwa umemaliza masomo, uko nyumbani, una simu yenye kioo kilichopasuka. Ukaanza kupiga picha. Nilidhani unakwepa kazi. Wenzio wamebeba nguzo mabegani, wewe umepanda juu ya kisiki cha mkomafi, ule mkoko mnene, umefumba jicho moja. Nikakutolea maneno mbele ya watu, nikasema picha haibebi mti. Hukunijibu, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Ulibeba nguzo kama wengine, kisha ukarudi kwenye kisiki kile kile, ukapiga tena. Kesho yake vile vile. Nikakuuliza kwa nini husogei hata kidogo, pengine ukapata jua zuri.

"Mama, nikihama, mtu hataona kilichobadilika," ulisema. "Ataona mie nimehama."

Sikulielewa neno lile siku ile. Nilikuwa na jambo langu kichwani, nalo ni siku ya mgeni.

Mradi ulituletea habari kwamba mgeni mkubwa atakuja kufungua daraja, na siku yake imeshapangwa. Fundi Selemani, aliyesimamia useremala, akaniita pembeni. Alisema nguzo za katikati hazijashika. Mchoro umezifanya fupi, na pale tulipoambiwa tujenge, kwenye kona ya mto, maji yanakula tope kila siku. Akaomba tungoje bamvu lipite, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, tuone daraja litasimama vipi. Nikamjibu mbele ya kamati kwamba mgeni hangoji bamvu. Watu wakacheka, na mie nikapenda walivyocheka.

Picha ya siku ya mgeni unayo. Nimesimama katikati ya daraja, kanga mpya, meno yote nje, mgeni ubavuni kwangu ameshika utepe.

Bamvu lilipokuja, shangazi yako alikuwa anavuka na kapu la mpunga kichwani. Nguzo za katikati ziliinama taratibu, kama mtu anayepiga magoti, mbao zikafuata, na Mwanaidi akafuata mbao. Ubao mmoja ukamwangukia mkononi. Wewe ulikuwa wa kwanza kuingia majini. Nalisema hili na nitaendelea kulisema, kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba ulikuwa unapiga picha huku mwenzio anazama. Ni uongo. Ulimshika kwapani, ukamwinua kichwa, na hukumwachia mpaka alipopakiwa kwenye boti kwenda kutibiwa. Ndipo ukarudi, umelowa, ukapanda kisiki chako na kulipiga picha daraja likiwa limelala. Nilikuona. Nilitaka kukunyang'anya ile simu na kuitupa. Badala yake niligeuka, nikaifuata ile boti kwa macho.

Mkono wa Mwanaidi uliunga, lakini uliunga vibaya. Mpaka leo akisuka mkeka hubana ukili kwa magoti.

Tukajenga upya. Mradi ukaongeza mbao, tukasogea juu kidogo pale mto uliponyooka, tukakata nguzo ndefu zaidi na kuzifunga kwa mishikizo ya kukingamana. Watu wengi waliojenga mara ya kwanza walirudi, wengine hawakurudi na sikuwalaumu. Safari hii mie ndiye niliyesema tungoje bamvu. Tulingoja moja, likapita, nikasema tungoje jingine. Hakuna utepe uliokatwa. Asubuhi moja watoto waliamua wenyewe kupita, wakafika shule na miguu mikavu, na mwalimu akawauliza wamepitia wapi.

Siku hizo ndipo nilipoanza kuzitazama picha zako. Ulizifungua kwenye kompyuta ya shule, ukanipitishia moja moja haraka haraka, na daraja likaota mbele ya macho yangu kama mmea. Likaota, likasimama, mie nikacheka juu yake, likalala, likaota tena kando. Miezi yote ile nilikuwa naishi ndani ya jambo hilo na sikuwa nimeliona.

Kisha tukaitwa Kibiti, tukawaonyeshe wakubwa wa mradi picha hizo.

Yule kijana wa mradi sitamtaja jina, ana wazazi wake. Si mtu mbaya. Alikula kwetu, alilala kwetu, na alipoona slaidi zako alizisifu kwa moyo. Kisha akachagua za kuondoa. Ile ya kwangu na mgeni kuwekwa jirani na ile ya daraja lililolala, hapana. Ile ya Mwanaidi mkono umefungwa bandeji, hapana. Akaeleza kwa upole kwamba ukumbini watakuwepo wafadhili, na wafadhili wakiona ajali huogopa, na wakiogopa daraja la jirani zetu wa Mkandaani litakwama. Alitaka picha ya kabla, picha ya baada na slaidi ya asante.

Mkandaani ndipo penye jambo lenyewe. Athumani, mwenyekiti wao, alikuwa ameshatuletea mchoro wa daraja lao, ameukunja vizuri ndani ya nailoni. Ulikuwa ule ule wetu wa kwanza. Nguzo zile zile fupi. Nikamwambia Athumani. Akasema nisimharibie bahati. Nikamwambia kijana wa mradi. Akasema mchoro utarekebishwa kazi ikishaanza. Kwetu pia walisema hivyo, na hawakurekebisha kitu mpaka Mwanaidi alipoanguka nalo.

Ulikuja kuniuliza kama tuziondoe. Uliniuliza na habari ya ile picha yangu, ukasema watu watanicheka. Nilikujibu iweke, tena iwe kubwa, maana aliyesema mgeni hangoji bamvu ni mie na si mtu mwingine. Lakini picha ya bandeji haikuwa yangu wala yako kuisemea, ndiyo maana nilikutuma kwa mwenyewe. Shangazi yako hakufikiri mara mbili.

"Iweke," alisema. "Mkono ni wangu, sio wa mradi."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Feni moja inazunguka, nyingine imekufa, mapazia yamefungwa ili ukuta uonekane. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya projekta. Mwanga wake ulinipiga usoni, nikawa sioni watu, naona vumbi tu linaelea. Wewe kwenye kompyuta, mie kwenye maelezo. Tukaanza vizuri. Mto bila daraja. Watoto na matope yao. Nguzo zinabebwa. Mbao zinapigiliwa. Mie na mgeni na utepe.

Ukabonyeza, na ukutani likatokea daraja la pili, limekamilika, watoto wanapita.

Ukaganda. Ukainama kwenye kompyuta, kisha ukanitazama na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba zipo, hazijafutwa, zimefichwa. Nikageuka kumtafuta yule kijana. Alikuwa amekaa ukutani, mikono juu ya mapaja, anatazama sakafu.

Zuhura, pale nilikuwa na njia rahisi. Ukuta ulikuwa unaonyesha daraja zuri. Watu walishaanza kupiga makofi. Ningesema ahsanteni, ningekaa, tungekula pilau na kurudi nyumbani, na mie ningebaki mwenyekiti aliyejenga daraja mara moja, likasimama.

"Zirudishe," nilikwambia.

Ilikuchukua muda. Ukumbi mzima ulikaa kutazama ukutani mshale wako unavyohangaika, unafungua kimoja baada ya kingine, na kila kilichokuwa kimefichwa kikawa kinarudi mbele ya macho yao. Nadhani hilo lenyewe lilisema kuliko maneno yangu. Kijana alinyanyuka akasema, "Mama, muda wetu ni mfupi, twende mbele."

"Siendi mbele," nikamjibu. "Hapa ndipo lilipoanguka."

Kisha nikaeleza. Sikulaani mtu. Nilionyesha uso wangu unaocheka, nikasema huyu ndiye aliyekataa kungoja. Nikaonyesha nguzo zilizolala, nikasema urefu wake ndio huo, na mahali ndipo hapo. Nikaonyesha mkono wa wifi yangu, nikasema ameruhusu. Halafu nikasema mchoro huu huu umeshapelekwa Mkandaani, na huko kuna watu watakaopita juu yake.

Mama mmoja mhandisi, aliyekaa mbele, aliomba urudi kwenye picha ya daraja lililolala na uiache hapo. Aliitazama sana. Akauliza kama picha zote zimepigwa kutoka sehemu moja, ukasema ndiyo. Akasema basi anaweza kuona ukingo wa mto ulivyoliwa kutoka picha hadi picha, na kwa hali hiyo yeye hawezi kukubali mchoro ule mpaka upimwe upya. Alisema hivyo tu, akaandika kitu, akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Slaidi yetu ya asante hatukuifikia.

Sasa nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Daraja la Mkandaani lilikwama, kama yule kijana alivyosema. Yeye alihamishwa, sijui wapi, na sikufurahi. Watu wa Mkandaani waliendelea kuvuka kwa mtumbwi masika yote, na kila aliyelowa alinitaja mie. Athumani alisimama msikitini baada ya swala akasema kuna mtu ambaye daraja lake limesimama, basi hataki la mwenzake lisimame. Sokoni mwanamke mmoja aligeuza uso nilipomsalimia. Hapa kijijini pia walinong'ona kwamba nimeaibisha kamati, na ulipofika uchaguzi wakachagua mwenye sauti ndogo. Sawa. Kuna baadhi yao ninaowaona kila asubuhi wakipita juu ya zile mbao, na huwasalimia kwa sauti yangu ile ile.

Baba yako aliniuliza siku moja kama ningekuwa na nafasi ya kurudia ningefanya vingine. Nilimwambia ningefanya hivyo hivyo, isipokuwa ningekagua kompyuta kabla ya kuingia ukumbini.

Ninachokuomba basi ni hiki, na usikichukue kama mawaidha, maana mawaidha nimekusomea mengi na hukufuata hata nusu. Huko unakokwenda hakuna atakayekuja na uso mbaya kukwambia udanganye. Atakuja mtu mpole, anayekupenda, aliyekununulia chai. Atasema tuondoe hii moja tu. Atakuwa na sababu, na mara nyingine sababu yake itakuwa ya kweli: mradi utakwama, watu watalowa. Wewe utakuwa na mshahara na kodi ya chumba. Sitakudharau ukiogopa. Mie pia niliogopa pale mbele, nilishika meza. Lakini picha ya jengo lililokamilika inaweza kupigwa na mpita njia yeyote. Ya katikati, ya pale ambapo watu hawakujua wafanye nini, hiyo hupigwa na aliyekuwepo, na akiificha hakuna mwingine atakayeileta.

Na usiwe na kiburi nayo. Kabla hujaweka mkono wa mtu ukutani, nenda kamuulize mwenye mkono. Akikataa, umekataliwa, hata kama picha ni nzuri. Na mwenye kosa akiwa ni wewe, jiweke na wewe, usijitafutie pembe ambayo huonekani. Nilivyojiona nimecheka vile ukutani, mkubwa kama nyumba, nilidhani nitakufa. Sikufa. Tangu siku ile hakuna mtu anayeweza kunitishia kwa jambo lile, kwa sababu nimeshalionyesha mwenyewe.

Wakikufukuza kwa hilo, rudi. Chumba chako hakitapangishwa mtu. Utarudi kubeba mpunga na kunijibu mawili kwa moja, na hakuna atakayekuuliza swali ndani ya nyumba hii. Ila ukirudi kwa sababu umejificha, nitakuuliza.

Nina moja la mwisho, la leo leo. Mchana ulipokuwa unafua, Athumani alikuja. Usishangae, hata mie nilimwangalia mara mbili. Mchoro wao mpya ulishatoka, nguzo ndefu, na wiki hii wameanza kuzisimamisha. Hakuomba radhi, na sikumngojea aombe. Alikaa barazani, akanywa maji, akaulizia safari yako. Kisha akasema kabla hujaondoka alitaka kujua ulifanyaje mpaka daraja letu likaonekana linaota lenyewe ukutani. Nikamwambia hakuna uchawi. Achague pahali, asimame hapo kila siku, asihame hata jua likimpiga machoni, na asichague siku nzuri peke yake.

"Hata kikiharibika kitu?" akauliza.

"Hasa kikiharibika."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akasogeza kikombe, akatazama mlangoni kama kuna anayesikiliza. Akaniambia kwamba asubuhi hii nguzo moja imelala, na wenzake wanataka waing'oe na kuisimamisha nyingine kabla mhandisi hajafika.

Nikamuuliza kama ameipiga picha. Alikuwa hajaipiga. Nikamwambia maji yanaanza kujaa, awahi. Akavua viatu, akavishika mkononi, akaondoka mbio.

Nenda, mwanangu, na Mungu akuongoze njia yote. Huku tutakuombea kwa sauti kubwa, kama kawaida yetu.

Mama yako